Namna ya Kushusha Katapila

Benchi letu liko Lumemo, pembeni mwa mji wa Ifakara, ubavuni mwa barabara ya Kiberege, mbele ya jiko la kahawa la Abdulkarim. Asubuhi ile ya Machi 1996 wingu zito lilikuwa limekaa juu ya milima ya Udzungwa, na hakuna aliyelifurahia. Kwenye kilima kimoja nyuma ya Kiberege lilikuwa limesimama katapila la kamati ya maji, la mwaka 1954, lile la kutembea kwa minyororo. Lilipelekwa huko kuchonga njia ya bomba. Dereva wake, Fridolin, alikuwa amelazwa Ifakara siku ya nne kwa malaria, na kamati ilitaka lishuke kabla mvua haijalainisha udongo, maana chini ya kilima kuna nyumba. Aliyejitolea kulishusha ni Mashimba Seni, ambaye hapa benchini huitwa Injini. Aliendesha trekta miaka sita katika mashamba ya miwa. Trekta la magurudumu, kwenye ardhi tambarare. Landrova ya kamati ingempitia saa nne. Saa tatu na nusu alikuwa bado na kikombe cha kwanza, na kahawa imepoa.

— Injini, mbona unatetemeka? aliuliza Obadia, fundi baiskeli tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki.

— Baridi.

— Baridi Ifakara hii! Abdulkarim, msogezee jiko huyu.

— Mwacheni anywe, alisema Hermenegildi. Huyu tunamwita Mkaguzi, ingawa alikuwa karani wa stoo. Akaendelea: Mashimba, hiyo njia ina upana gani?

— Upana wa katapila lenyewe, ongeza hatua mbili. Ukiwa unashuka, kulia ni ukuta wa kilima. Kushoto ni korongo.

— Refu?

— Jana nilitupa jiwe. Lilichukua muda.

Obadia ndiye aliyeanza kutoa ushauri.

— Dawa ni moja tu, kaka. Toa gia, liteleze lenyewe. Baiskeli inashuka hivyohivyo, na mafuta huli.

— Tani kumi na mbili, Obadia! Unafananisha na baiskeli?

— Uzito ndio unasaidia, Mkaguzi. Kitu kizito hakiyumbi.

— Gia sitoi, alisema Mashimba. Gia ya kwanza mpaka chini, na lile jembe la mbele linaburuza ardhi. Hilo nalijua.

— Vizuri, alisema Hermenegildi. Lakini usishuke wima. Kata kwa pembeni, nenda huku, rudi huku, kama mtu anayeshuka na mzigo kichwani.

— Mzee, kwenye njia ya upana ule? Nikilikalisha ubavu litabiringika.

— Ndiyo maana utaning'iniza watu wanane upande wa kilima. Uzito wao unalivuta.

— Watu gani hao? aliuliza Abdulkarim.

— Kamati.

Tulicheka wote, isipokuwa Mashimba. Alikuwa anaangalia barabara.

— Mimi ningelifunga kamba, alisema Abdulkarim. Ile nene ya pantoni pale kivukoni. Kama inahimili pantoni na malori mawili juu yake, itashindwa na katapila moja? Unaifunga kwenye mti, unaiachia kidogokidogo.

— Na pantoni ivukeje?

— Isubiri.

— Nyie wote hamjui kitu, alisema Obadia. Ashuke kinyumenyume. Asipoliona korongo hataogopa.

— Kwani dereva anayerudi nyuma anatazama wapi, Redio?

— Afumbe macho!

Ndipo Digna, mke wa Fridolin, akatokea upande wa mjini, akiendesha baiskeli kwa nguvu. Akashuka kabla haijasimama vizuri.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Shemeji Mashimba, afadhali nimekukuta. Fridolin kanituma. Homa imemshuka alfajiri, ndipo akasikia kwamba unapanda wewe. Amesema nikuulize kitu kimoja.

— Uliza, shemeji.

— Ile mikono miwili ya chuma ya kukatia kona. Uko kwenye mteremko, katapila linakusukuma, linaanza kuelekea korongoni. Unavuta upi?

Mashimba aliweka kikombe chini.

— Korongo liko kushoto. Navuta wa kulia, ligeukie kulia. Juzi nimelijaribu huko juu, pale palipo tambarare. Ukivuta wa kulia, linakwenda kulia.

— Pale tambarare, ndiyo. Amesema ukivuta mkono, mnyororo wa upande huo unaachiwa na injini. Kwenye tambarare unabaki nyuma. Kwenye mteremko hakuna kinachouzuia, unampita mwenzake, na katapila linageukia upande wa pili. Ukivuta wa kulia linakwenda kushoto.

— Kushoto si ndiyo korongoni? alisema Abdulkarim, polepole.

— Hiyo ni homa inaongea, alisema Obadia.

— Homa nimesema imeshuka, baba. Na amelishusha miaka kumi na mmoja, hajawahi kuligongesha hata kwenye mti.

Mashimba alikuwa ameweka mikono juu ya magoti. Alivuta mkono wa kulia hewani, akaurudisha. Akavuta wa kushoto. Akatulia.

— Amesema nirudi na jibu lako, alisema Digna. Nimwambie umesema nini?

— Mwambie nimesema kulia.

Mashimba akasimama.

— Au acha, nitamwambia mwenyewe. Anaweza kuongea?

— Anaongea. Hata kukaa anakaa.

— Basi lete baiskeli, shemeji. Wewe kaa nyuma.

Wakaondoka kuelekea hospitali. Saa nne na dakika tano Landrova ya kamati ikafika, na manyunyu yameanza. Kijana mmoja tusiyemfahamu akatoa kichwa dirishani.

— Shikamooni wazee. Fanyeni haraka, mvua hiyo. Anayejua kuendesha katapila ni nani hapa?

Obadia alimtazama Hermenegildi. Hermenegildi alimtazama Abdulkarim. Abdulkarim akainama kupuliza moto.