Fundi Bethwel Kipkorir, Aliyetambua Moshi kwa Pua

Wachungaji, wazee, majirani na wateja mliofika hapa Kimulot, mimi ni Sally, kifungua mimba wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya baba yetu, naye hakupenda maneno ya kurembesha, kwa hivyo sitarembesha.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Kimulot, akasoma papa hapa hadi darasa la saba mwaka wa 1973, na mwaka wa 1976 akaajiriwa katika karakana ya kiwanda cha majani chai, alikojifunza injini za dizeli hadi mwaka wa 1992, alipofungua gereji yake pale Sosiot.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa kanisani na mama yetu Rodah, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Weldon na Winny, na watu walipomcheka kwa kunifunza mimi msichana ufundi, aliniongezea spana tu.

Gari kuukuu likifika na injini moto, alimwambia mwenyewe azime, akanywe chai hadi lipoe, maana aliuamini moshi wa injini baridi, mweusi hewa haitoshi au dizeli imezidi, wa bluu oili inaungua, mweupe dizeli haijaungua ama maji yameingia kwenye silinda. Mwaka wa 2020 ugonjwa wa sukari ulimpokonya macho, tukadhani gereji imekwisha, lakini wiki iliyofuata alikuwa ameinama nyuma ya ekzosti akinusa, dizeli mbichi ikimwasha pua, dawa ya rejeta, ile ya kupoza injini, ikinukia utamu fulani.

Juni 2022 Mzee Kinuthia, mwenye duka pale Sosiot, alileta pikapu yake ya mwaka wa 1989 ikitoa moshi mweupe, Baba akanusa, asipate harufu yoyote, akasema ni mvuke wa baridi tu, utaisha injini ikipata moto, akisahau kwamba huku kwetu rejeta tunazijaza maji matupu ya mto, yasiyo na harufu. Mimi niliona moshi ule haukuisha hata injini ilipopata moto, nikanyamaza, kwa kuwa sikulelewa kumpinga baba mbele ya wageni, na siku ya tatu injini ilichemka mlimani ikaharibika kabisa.

Nilipomweleza, hakula siku hiyo, na kesho yake alinishika bega tukaenda dukani, akakiri kosa lake mbele ya wateja wote. Tulipotoka aliniambia, "Mimi nimekosa kwa kutoona, wewe umekosa kwa kunyamaza. Ukiona moshi, sema, hata kama mimi nimeshasema."

Tangu hapo nilimpinga hadharani, na alifurahi zaidi aliposhindwa.

Septemba 2024 figo zake zilianza kudhoofika, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hakukosa hata siku moja. Tarehe 3 Mei 2025 daktari alituambia hakuna lililobaki, jamaa wakataka afichwe habari hiyo, lakini aliponiuliza kama atapona, nilimwambia hapana, Baba. Alisema asante, kisha akanitajia magari yaliyobaki gereji, moja baada ya jingine, na kasoro zake. Alituacha tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotukamulia ng'ombe siku zote hizi, mafundi wenzake wa Sosiot, na Mzee Kinuthia, aliyetuletea mwili nyumbani.

Pumzika kwa amani, Baba. Gereji nitafungua Jumatatu.