Nani Alijaza Mafuta ya Breki

Kijiwe chetu cha Gungu kinatazamana na gereji ya Feliksi. Asubuhi ile tulikunywa kahawa aliyotuuzia Eufrasia huku macho yetu yote yakiwa kwenye Land Rover ya mwenzetu Martini, ya mwaka sabini na moja. Ijumaa iliyopita ilikosa breki kwenye mteremko wa Bangwe. Dereva wake, Alphonce, alipunguza gia, akaiingiza kwenye lundo la mchanga, abiria wote wakashuka wazima. Martini akamfukuza kazi siku hiyo hiyo, akisema ni uzembe. Sasa Feliksi alikuwa amefungua masta silinda, ile pampu ya kusukuma mafuta ya breki, na vipande vyake viko juu ya gazeti.

– Ni unyevu wa ziwa, akaanza Yassir, tunayemwita Injinia ingawa anauza chaja za simu. Chuma kikikaa karibu na maji kinalegea.

– Kilegee wapi? akasema Yona, tunayemwita Wakili. Gari lile lilizoea kukanyagwa na buti. Ukilikanyaga kwa kandambili linasusa.

– Basi sikilizeni, akasema Injinia. Ardhi yote hii inazidi kuinamia Kongo. Mteremko wa Bangwe wa mwaka jana siyo wa leo. Vipimo vipo.

– Viko wapi?

– Vipo.

Martini akaweka kikombe chini.

– Mnajisumbua bure. Tatizo ni Alphonce. Ana mguu mzito.

Feliksi akamletea raba mbili ndogo kiganjani.

– Mguu haufanyi hivi, mzee. Shika. Zimevimba, zinateleza. Hizi zimekula oili ya injini. Raba ya breki ikiguswa na oili imekwisha. Silinda yenyewe nzima, nimeipiga msasa laini. Mabomba nimeosha, raba za magurudumu nimebadili. Nafunga hizi mpya, natoa upepo, saa nane gari linasimama ukikanyaga.

– Mmesikia? akasema Martini. Alphonce kaweka oili kwenye breki.

Mwalimu Agape, aliyehamia mtaani mwezi huu, alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake.

– Samahani, akasema. Mara ya mwisho mafuta ya breki alijaza nani?

Injinia akatazama barabara. Wakili akatafuta sukari. Mwishowe Martini mwenyewe akakohoa.

– Mimi. Duka lilikuwa limefungwa. Nikaona oili ni oili tu.

Martini akampigia Alphonce simu mara mbili, haikupokelewa. Akapanda bodaboda kumfuata nyumbani kwake Buzebazeba.

Saa tisa akarudi na Alphonce. Akamsimamisha mbele yetu sote.

– Breki niliiharibu mimi. Wewe uliokoa watu, nami nikakuaibisha. Naomba unisamehe. Kazi yako ipo.

Alphonce akafungua mlango. Akaingia garini, akakanyaga pedali mara tatu. Ilikuwa ngumu, haizami.

– Nimekusikia, mzee. Ila kuanzia leo mafuta ya breki najaza mimi.

– Jaza wewe.

Martini akapanda kiti cha abiria. Tukasimama kuwaangalia wakishuka barabara. Pale chini taa nyekundu za breki zikawaka, gari likatulia, mama mwenye beseni la dagaa akavuka taratibu, nao wakaendelea kuelekea Bangwe.