Sylus Kilonzo Ndeti, Mpima Hewa ya Miti

"Mbithe, umekata nje ya maji! Matawi yote yameingia hewa. Sasa hizi ni kuni!"

"Basi leo tutapika," dada yake akamjibu.

Ndivyo marehemu Sylus alivyolalamika nyumbani kwake Voi mwaka wa 2016. Tawi la kupimwa hukatwa likiwa ndani ya beseni la maji. Ukilikata nje linavuta hewa, kipimo kimeharibika. Alinuna hadi jioni, kisha akala ugali uliopikwa kwa kuni hizo hizo, akaongeza.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Mwatate, kitinda mimba wa marehemu Ndeti, mkata mkonge, na Mama Gertrude. Alisoma msingi hapo hapo Mwatate, sekondari Bura, kisha chuo kikuu Nairobi, akahitimu masomo ya mimea mwaka wa 2006. Mama alitarajia daktari wa watu. Akapewa wa migunga.

Kazi aliianza 2008 katika kituo cha utafiti Voi. Mti hunywa kwa vijishipa vyembamba kuliko unywele. Kiangazi kikikaza, hewa huingia humo, maji yakakwama, tawi likakauka. Sylus alipitisha maji kwenye kipande cha tawi, akapima; akaisukuma hewa itoke, akapima tena. Tofauti ndiyo iliyomwonyesha ni kiasi gani kimeziba. Alishinda porini peke yake, wiki nzima bila mtu wa kumwambia pole na kazi.

Mwaka wa 2014 alimchukua Peris Mwelu, binti wa Mzee Munyao wa Maungu. Lakini mbuzi watatu wa ntheo hakupeleka, na kwetu Wakamba, bila hao huna mke, una mgeni. Kiangazi alimwambia Munyao, "Baba, siwezi kuja, ndipo miti inaingia hewa." Mvua ikinyesha: "Baba, wacha kwanza nione kama imezibuka." Mwaka wa tatu Munyao akaja kumchukua bintiye.

"Hiyo miti yako ikufulie nguo," alimwambia.

Sylus hakuoa tena. Miaka sita alipika chai ya kikombe kimoja.

Juni 2023 alipatikana na saratani ya tumbo. Peris alirudi bila kuitwa, akamlisha uji kwa kijiko. Sylus alikuwa akimwuliza, "Mwelu, nikifa watakuandika kama nani wangu?" Peris alimpangusa mdomo tu. Sylus alifariki tarehe 9 Januari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Peris.

Ameacha mama yake Gertrude, kaka yake Kimanzi na dada yake Mbithe. Jina la nne lilingoja hadi juzi, Kimanzi alipofikisha mbuzi watatu Maungu. Mzee Munyao aliwashika masikio mmoja mmoja, akamrudisha beberu.

"Huyu wachinjieni wachimba kaburi. Simdai mkwe wangu."

Basi ameacha pia mjane, Peris Mwelu.

Apumzike Sylus. Hadaiwi.