Komora na Giabokisi ya Gari ya Umeme

Wafiwa wenzangu na majirani, mimi ni Tamar, mke wa marehemu, hii karatasi nimeiandika mwenyewe na nitaisoma mwenyewe, mnivumilie pale nitakaposimama.

Komora Buya alizaliwa Wema tarehe 3 Aprili 1949, akasoma Ngao mpaka darasa la saba, mwaka 1968 akaenda Mombasa, akawa fundi wa foklifti za umeme, zile gari za kuinulia mizigo, tukafunga ndoa tarehe 14 Agosti 1971, tukajaliwa Hulda na Tuneya, na mwaka 1984 tukarudi huku kwetu, hapa Garsen, akafungua gereji.

Hulda alitutoka tarehe 20 Mei 1996, yeye na mtoto tumboni, uchungu ulimshika, gari zilikuwepo Garsen lakini petroli hakuna, na tangu hapo marehemu hakutulia. Alichukua Landrova kuukuu ya mwaka 1957, akatoa injini, akaweka mota ya foklifti, betri na sola, lakini shida ikawa giabokisi, mota haikushikana nayo, kila akichomelea kiungo kinakatika, watu wakasema huzuni imempanda kichwani, hata mimi nikamwambia aache. Hakuacha, mwisho kiungo kikashika, ikatembea Machi 1997, kimya kabisa, ng'ombe hawakuisikia wala kupisha, mpaka rafiki yake Roba, mfugaji, akasema, "Komora, gari yako inanyemelea kama simba, utaniulia ng'ombe kwa hofu," akafunga kengele ya ng'ombe kwenye bampa, na kutoka siku hiyo tukiisikia tunajua kuna mgonjwa anapelekwa hospitali ya Ngao.

Novemba mafuriko yakaingia mpaka ndani ya giabokisi, marehemu akaifungua amesimama kwenye maji, akaosha gia moja moja, akazipanga mezani kwetu, na kabla hajazirudisha homa ikamwangusha. Alituelekeza akiwa kitandani, mimi na Tuneya tukajaribu na kujaribu, gia zikakataa kuingia, tukamlaza kwenye mtumbwi, na tarehe 9 Januari 1998 akakata roho hatujafika hospitali.

Tunashukuru madaktari waliotupokea na mwili wake, majirani waliopiga kasia, mafundi wenzake, na Roba aliyevuka maji kuja kumzika. Tuneya huyu hapa mbele yenu, mimba yake imefika miezi minane, maji yanapungua lakini petroli haijafika, na gia bado ziko mezani, fundi yeyote unayenisikia, nakuomba, tukitoka makaburini twende nyumbani.

Pumzika kwa amani, Komora, sisi huku tunaingoja kengele.