Kura ya Pili ya Chama cha Ndovu

Na Lornah Aoko, mpiga chapa, Ofisi ya Wafanyakazi

Kabla sijamsifu mtu niliyeagizwa kumsifu, kuna jambo ambalo sijamwambia mama yangu, wala rafiki yangu, wala padri. Ile kura ya pili ni yangu. Nimeona ni rahisi kuwaambia watu wote wa kiwanda kwa maandishi kuliko kumwambia mtu mmoja huku ananitazama usoni.

Sasa naanza kama inavyotakiwa. Mzee Joram Amolo, mpishi mkuu wa kantini ya Kiwanda cha Sabuni cha Winam hapa Kisumu, anastaafu tarehe 31 Desemba 1992 baada ya kutumikia kwa miaka ishirini na saba. Aliajiriwa mwaka 1965 kuosha sufuria. Kufikia 1974 alikuwa akiziamuru. Cheo chake ni Mpishi Mkuu, lakini hata meneja humwita Seneta, kwa sababu katika miaka hiyo yote hajawahi kumpa mtu sahani ya ugali bila kumpa na maoni yake juu ya siasa za Amerika.

Kwa walioajiriwa juzi kama mimi: Amerika ina vyama viwili vikubwa. Kimoja alama yake ni ndovu, kingine punda. Seneta ni mtu wa ndovu. Anaamini kodi iwe ndogo, serikali isifanye biashara, na nchi isikope ili kula. Akiulizwa kwa nini asishughulike na siasa za hapa nyumbani, alikuwa akishusha sauti na kusema, "Za hapa zina masikio, omera, ndugu yangu. Za Amerika hazinijui hata jina."

Habari alizipata kwenye redio anayoiweka rafuni kati ya chumvi na unga wa ngano, na kwenye magazeti ya Kiamerika anayonunua kwa wauza karatasi kuukuu pale sokoni Oile. Magazeti hayo hufika yamechelewa miezi mitatu au minne. Ndiyo maana mara mbili alitabiri, kwa uhakika mkubwa, mambo yaliyokuwa yamekwisha kutokea.

Uchumi alitufundisha kwa upawa. Nadharia yake ni kwamba mwenye nguvu akishiba, ndipo kazi inapopatikana kwa wengine. Kwa hiyo watu wa boila walipakuliwa kwanza, kutoka chini ya sufuria, nyama inakojificha, na sisi wa ofisini tukaambiwa tungoje, itatufikia. Mimi husimama mwisho wa foleni kwa sababu sipendi kutazamwa mgongoni. Naweza kushuhudia kwamba haijawahi kunifikia. Kilichonifikia ni maji ya moto yaliyosikia habari za nyama.

Lakini haki yake apewe. Hadi mwaka 1983 chai ya kantini ilikuwa ya bure. Ilikuwa pia na rangi ya maji ya Ziwa wakati wa mvua, na vikombe vilipotea kila wiki. Kikombe chenye nembo ya kiwanda kilionekana hadi kwenye matanga kule Otonglo. Seneta alimshawishi meneja chai iuzwe, kwa bei ndogo tu. Alitukanwa mwezi mzima. Kisha maziwa yakaanza kuonekana ndani ya chai, kwa kuwa sasa mnunuzi alikuwa na haki ya kulalamika, na vikombe vikaacha kusafiri. Tangu hapo amekataa kupokea chochote cha bure. Kalenda ya kiwanda hakuichukua. Fulana ya sherehe za kiwanda aliilipia. Na kijarida hiki, Povu, kinachogawiwa bila malipo, hajawahi kukisoma hata mstari mmoja. Hukitumia kuwashia jiko. Naomba mkumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Mama Dorca, msaidizi wake, alipoomba kuuza mandazi yake mwenyewe mle mle kantini, wengi walidhani atafukuzwa. Seneta alimpa meza. Baada ya wiki chache hakuna aliyegusa mandazi ya Seneta. "Basi ushindani ndio huo, Dorca," akasema, akalifunika karai lake. "Umenimaliza. Nipe mawili, na chenji uhesabu vizuri." Sijasikia habari za mwanasiasa mwingine, wa bara lolote, aliyeshindwa kisha akanunua.

Uchaguzi wa Amerika wa 1988 ndio uliomletea adui. Sikuwapo, nasimulia nilivyosimuliwa na Mama Dorca. Mwaka huo nchi yetu nzima ilikuwa imefundishwa kupiga kura kwa mlolongo, watu wakipanga foleni nyuma ya mgombea wao, kwa hiyo Seneta akaamua kantini nayo imchague rais wa Amerika vivyo hivyo. Wa ndovu wasimame kushoto, wa punda kulia. Kilichotokea ni kwamba foleni ya ndovu iliishia kwenye samaki, ngege wa kukaanga, na ya punda kwenye maharagwe. Ndovu alishinda vibaya sana. Tofauti na mahali pengine mwaka huo, kwetu angalau foleni ndefu ndiyo iliyotangazwa mshindi.

Mtu pekee aliyebaki kwenye maharagwe alikuwa Bwana Shitanda, fundi wa boila na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Yeye alikuwa mmoja wa wale waliopakuliwa nyama kwanza, lakini hakuwahi kukubali kununuliwa nayo. "Punda anabeba maji Kisumu nzima!" akapiga kelele. "Ndovu amekubebea nini wewe?" Seneta akamwambia asiwe na wasiwasi, maharagwe yana vitamini. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kwa miaka minne Bwana Shitanda alileta chakula chake kutoka nyumbani katika mkebe, akala akiwa ameuelekea ukuta.

Mwaka 1990 rais wa chama cha Seneta, aliyekuwa ameahidi kwamba hataongeza kodi, akaongeza. Seneta aliigeuza picha ya ndovu ukutani ikawa miguu juu, na kwa siku mbili chai haikuwa na sukari. Hakumtetea. Kwa hilo namheshimu: alimkemea wa kwao kwa sauti ile ile aliyowakemea nayo wa upande wa pili.

Mimi niliingia Februari mwaka huu, nikitoka tu kumaliza kidato cha nne. Siku yangu ya kwanza aliishikilia sahani yangu hewani akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, wewe umetoka shule juzi. Deni la Amerika litalipwa na nani?" Alingoja kweli, upawa ukidondosha mchuzi mezani, hadi nikasema, "Na watoto." "Mmesikia?" akaiuliza kantini nzima, nami nikatamani kuingia chini ya meza. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali na mtu aliyetaka jibu, na jambo hilo halikuwa limenitokea mara nyingi.

Chanzo cha imani yake yote ni soko la Sondu, lililo mpakani kati ya kwetu na kwa Wakipsigis. Mama yake alikuwa akiuza vyungu pale, na askari wa soko walichukua kimoja kila wiki wakakiita ushuru. Chuki yake na kodi ilianzia hapo. Amerika ilikuja baadaye. Na pale pale aliwaona watu wa ziwani na watu wa milimani, wasioelewana lugha, wakibadilishana samaki na maziwa, kila mmoja akirudi kwao akidhani amempunja mwenzake. "Soko halitaki hotuba," husema. "Linataka watu wawili tu." Kila mwisho wa mwezi alikwenda huko na samaki wakavu, akarudi na kibuyu cha maziwa ya mgando kutoka kwa nyanya mmoja Mkipsigis ambaye amefanya naye biashara tangu nywele zao zikiwa nyeusi.

Mwaka huu fujo za mpakani zilipozuka, soko lilinyamaza. Alikwenda, akarudi na samaki wale wale mkobani. Nyanya hakuonekana. Seneta hakusema neno juu ya Amerika wiki hiyo, wala iliyofuata. Redio ikapata vumbi. Mwanzoni tulishangilia, Bwana Shitanda alipiga hata mluzi. Kisha chakula kikawa chakula tu, watu wakawa wanakula haraka na kutoka. Alikuwa amepanga, akistaafu, kufungua hoteli ndogo pale Sondu, na mabati alishanunua. Akamwambia Mama Dorca amtafutie mnunuzi.

"Nikapikie nani?" alimwambia. "Hapa miaka ishirini na saba nimeongea na watu waliofungwa na njaa, hawawezi hata kukimbia, na sijambadilisha mmoja. Nitawabadilisha wale wanaochomeana nyumba?"

Nilikuwa nyuma yao nikirudisha sahani. Hawakuniona. Watu hawanioni mara nyingi, na kuna faida yake.

Novemba ukafika uchaguzi wa Amerika, na Bwana Shitanda, aliyekuwa ameungoja miaka minne, akadai kura ya siri. Sanduku lilikuwa katoni ya sabuni. Chakula cha siku hiyo kilikuwa kimoja kwa wote, kwa amri ya chama cha wafanyakazi. Matokeo mnayajua. Punda, yaani yule gavana kijana wa kusini, alizoa karibu zote. Tajiri wa Texas aliyesimama bila chama alipata za watu wa kupakia, waliodhani akishinda atakinunua kiwanda chetu. Kura moja ilimchagua Mama Dorca, ikahesabiwa kuwa imeharibika, ingawa wengi wanasema ndiyo iliyopigwa kwa akili zaidi. Na ndovu, mbili.

"Mbili?" Seneta akasema. "Moja ni yangu."

Akaizunguka kantini yote kwa macho. Mimi nilikuwa nikikitazama kijiko changu. Macho yakamfikia Bwana Shitanda, ambaye siku hiyo alikula chakula cha kantini kwa mara ya kwanza tangu 1988 ili asherehekee, na kwa bahati mbaya alikuwa amepaliwa na mchuzi, machozi yanamtoka.

"Omera," Seneta akasema polepole. "Ni wewe."

"Mimi? Nife kwanza!"

"Angalieni anavyokataa kwa nguvu," Seneta akatuambia, akaenda jikoni, akarudi na kichwa kizima cha samaki mbuta, akamwekea mbele.

Bwana Shitanda alikataa siku tatu. Siku ya nne alikuja kazini bila mkebe wake. Redio ikafutwa vumbi, ikawashwa, na tukaelezwa tena habari za bajeti ya Amerika, ya mwezi wa saba. Mama Dorca akaambiwa aache kutafuta mnunuzi wa mabati. "Kama Shitanda amebadilika," Seneta alimwambia, "Sondu ni kitu gani?" Januari anakwenda kuezeka hoteli yake. Anayekwenda naye kupigilia misumari ni Bwana Shitanda, ambaye mpaka leo ni mtu wa punda na atawaambia hivyo akiwa juu ya paa la mtu wa ndovu.

Mkiniuliza kama nayaamini aliyotufundisha, juu ya kodi amenishawishi, juu ya upawa hapana, na juu ya deni bado nafikiri. Lakini sidhani Amerika ilikuwa ikingoja matokeo ya kantini yetu. Nilitaka redio iwashwe.

Mzee Joram, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa ugali, kwa chai yenye maziwa, na kwa kutuuliza maswali ukangoja majibu. Tunakuombea wateja wengi na askari wa soko wachache, na yule nyanya, popote alipo, akirudi akute kikombe chake mezani. Mimi nitakuja kunywa chai. Nitalipa.

Na ninyi wasomaji, nawaomba. Seneta hatayasoma haya, kwa kuwa Povu ni la bure. Bwana Shitanda atayasoma, naye namwomba radhi. Ana sababu zake za kunyamaza, na nyingi zina mchuzi. Ninyi wengine msimwambie Mzee kwamba mtu wake wa pili alikuwa msichana wa mwisho wa foleni. Angalau mabati yapigiliwe kwanza. Na tafadhali sana, asitokee mtu wa kumuuzia nakala ya kijarida hiki, hata kwa senti kumi. Akikilipia, atakisoma.