Tuwaini bin Marzouq wa Posta: Hofu Zake na Shaba Zake za Kimarekani

Ndugu, jamaa na majirani mliofika matangani, mliotoka Sur na Samail, na nyinyi mliopanda ndege kutoka Tabora, Mungu akulipeni kheri. Haya ni maisha ya marehemu kama nyumba yake inavyoyajua. Kaeni vizuri, kahawa inakuja, na anayetaka kulia katikati asione haya.

Marehemu Tuwaini bin Marzouq alizaliwa Tabora tarehe 12 Machi 1949, mtoto wa tatu wa mzee Marzouq, aliyekuwa na duka la nguo, na Bibi Turkiya. Alizaliwa mwoga. Familia ilishauriana kama neno hilo liandikwe, na mjane wake, Bibi Mahfoudha, akasema liandikwe, maana mwenyewe hakulificha hata siku moja. Utotoni aliogopa mbwa, radi, na chumba cha nyuma cha duka. Bibi yake, alipotaka kumtuliza, alimpa ashike kipande kikubwa cha shaba kilichotumika kama jiwe la mizani ya iliki. Upande mmoja kilikuwa na kichwa cha mwanamke mwenye nywele zilizotimka, upande wa pili shada la majani. Ilikuwa senti ya Kimarekani ya zamani sana. Wazee walisema iliingia Unguja pamoja na majora ya merekani, vile vitambaa vya pamba vya Marekani, ikapanda bara na mizigo. Mtoto aliishika mpaka ikapata joto, akalala.

Skuli ya msingi aliisoma Tabora, na sekondari Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1967. Ni huko Dar, kwa sonara mmoja, alikoiona senti nyingine ya mwaka uleule kama ile ya bibi yake. Akaziweka pamoja kwenye kiganja. Mwaka ni mmoja, mwanamke ni yuleyule, lakini msuko mmoja wa nywele ulikwenda juu na mwengine ulikwenda chini, na kwenye shada la moja kulikuwa na tunda lisilokuwepo kwenye la pili. Sonara akamwambia, "Shaba ni shaba, kijana, nunua au niachie." Akanunua. Tangu siku hiyo hakupona.

Alifika Oman mwaka 1974, akaajiriwa posta hapa Ibra, akakaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 2009. Wengi wenu mlimjua dirishani. Wachache mlijua kwamba katika barua alizozipanga zilikuwemo zake mwenyewe, kutoka kwa wazee wa Kimarekani wenye ugonjwa kama wake. Alipenda kueleza, na mgeni akikubali kusikiliza alimmiminia kahawa ya pili hata kama hakuomba. Zama za senti zile, akisema, mihuri ya chuma ya kupigia pesa ilichongwa kwa mkono, mmoja mmoja. Muhuri ulipigwa mpaka ukapasuka, ukatupwa, ukachongwa mwengine, na fundi hawezi kurudia mkono wake sawasawa. Muhuri wa kichwa ulioa muhuri wa shada. Ukifa mmoja, aliyebaki aliozwa mwengine. "Hii na hii," akisema, "mama mmoja, baba mbalimbali." Wakusanyaji walikwishaipa kila aina namba yake. Yeye hakutafuta senti nyingi; alitafuta ndugu waliopotea.

Mwaka 1977 alimuoa Bibi Mahfoudha, binti wa mji wa Mudhaibi, aliyemzalia Ghassan na Reem. Siku ya kumleta bibi harusi, wadi, lile bonde kavu la mto, lilikuwa na maji yasiyofika kifundo cha mguu. Bwana harusi akasimamisha gari. Akasema tusubiri yapungue. Wakasubiri mpaka alasiri, bibi harusi akavua viatu, akavuka kwa miguu, akamwita kutoka ng'ambo: "Baba we, unakuja, au niolewe na mwengine huku?" Alivuka. Lakini alivuka amefumba macho, na aliyeendesha gari alikuwa yeye.

Bibi Mahfoudha ndiye aliyeshona vifuko. Shaba haitaki jasho wala unyevu, kwa hiyo kila senti ilikaa ndani ya kifuko cha pamba nyeupe, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, na ndani mlitiwa kikaratasi chenye mwaka na namba za muhuri. Sasa fikirini kitu hicho mkononi mwa mtu asiyejua: kifuko kilichoshonwa, karatasi ya tarakimu, na kipande cha shaba nyeusi chenye kichwa cha mwanamke kilichokatwa shingoni.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2011. Jirani yao wa ukuta kwa ukuta, Bwana Yaqoob, ambaye nasaba yake ni ya Unguja, alikuwa na binti wa miaka saba, Ghada. Ghada aliingia kwa Bibi Mahfoudha kila siku, kama watoto wa jirani waingiavyo. Wiki moja akashikwa na homa na tumbo, akawa hali chakula. Alasiri mama yake, Bi Fatin, alipokuwa akigeuza godoro, alikikuta kifuko. Kelele zake zilisikika mpaka barabarani. Akatoka nacho uani, kakibana kwa koleo la mkaa, mkono kaunyoosha mbali na mwili.

"Msikiguse! Mwanangu karogwa! Tazameni, na kichwa kimo!"

Marehemu alikuwa langoni kwake. Aliuona uzi mwekundu. Alijua ni senti gani pia, ya mwaka 1794, aliyoitafuta kwa miaka mingi kuliko zote, maana pahali pake tu ndipo palipokuwa wazi kabatini tangu jana, na yeye alikuwa akidhani ameiweka vibaya. Akarudi ndani, akafunga mlango, akakaa chini sakafuni.

"Baba Ghassan, nenda ukaseme ni yako," Bibi Mahfoudha akamwambia.

"Wataniua."

"Hawakuui."

"Wataniita mchawi, Mama Ghassan. Mimi mtu wa bara. Unajua wanavyotusema, eti uchawi tumekuja nao kwenye masanduku. Reem ana mchumba. Nani ataoa kwa mchawi?"

"Na mtoto?"

Nje, sauti ya Yaqoob ilikuwa ikisema gari liwashwe, wampeleke kwa mwalimu mmoja wa kusomea wagonjwa Kurani, upande wa Nizwa, mwendo wa saa mbili. Mtu mmoja akauliza, hospitali je? Yaqoob akasema, "Hospitali haitoi sihiri, ya akhi." Na Bi Fatin akawa anasema mtoto hataki hata kunyoosha mguu wa kulia, akinyoosha analia.

Bibi Mahfoudha, ambaye nduguye alikufa kwa kidole tumbo, akamtazama mumewe. Akamwambia maneno aliyotuambia sisi wiki hii tu: "Mimi nikitoka nitasema ni chako. Ukitoka wewe, utasema ni changu?"

Marehemu aliinuka. Alisema baadaye kwamba hajui nani aliufungua mlango. Gari lilikuwa linarudi kinyumenyume, akasimama nyuma yake, na Yaqoob akapiga breki, akashuka.

"Ondoka, Bwana Tuwaini, mtoto anakufa."

"Kile kifuko ni changu."

Yaqoob akamshika kanzu kifuani. "Umemfanya nini mwanangu?"

"Sijamfanya kitu. Ile ni pesa. Pesa ya Wamarekani, ya zamani. Zipo nyingine ndani, ingia uzione zote."

"Pesa gani inafungwa kama hirizi? Na hizo namba?"

"Za muhuri. Nitakueleza, wallahi nitakueleza mpaka uchoke. Lakini si sasa. Mtoto mpeleke hospitali."

"Na hicho kitu?"

"Kitieni chumvi, kitieni siki, kisomeeni, kichomeni. Fanyeni mnavyotaka, sitakidai. Na mimi nichukue. Niweke garini mbele. Akifa, mimi huyu hapa, huhitaji kunitafuta."

Walioshuhudia wanasema kanzu yake ilikuwa ikitikisika kama inapigwa na feni. Bi Fatin, akiwa kiti cha nyuma na mtoto mapajani, ndiye aliyekata shauri. "Yaqoob! Mwingize huyo mchawi, twende hospitali! Yalla!"

Njia nzima marehemu alikaa mbele, mikono juu ya magoti ili ionekane. Mtoto alipasuliwa jioni ileile. Daktari alisema kidole tumbo kilikuwa karibu kupasuka, na barabara ya Nizwa asingeimaliza. Alipozinduka, Ghada akaulizwa kifuko kilikujaje kitandani kwake. Akasema alikichukua yeye, alimpenda bibi wa kwenye pesa kwa nywele zake, alitaka alale naye usiku mmoja tu.

Mngedhani yaliisha hapo. Hayakuisha. Yaqoob aliizamisha ile senti kwenye chumvi na siki, kisha akaenda kuifukia mahali, na mpaka anakufa marehemu hakuuliza ni wapi. Kwa Yaqoob, mtoto alipona kwa sababu mchawi aliungama. Maneno yakatembea. Watu ambao hata baada ya kustaafu walikuwa wakimuulizia posta, sasa wakimwona wakavuka barabara. Mchumba wa Reem akatuma salamu kwamba nyumba yao haiko tayari. Mtoto wa mtu akikohoa mtaani, marehemu alifunga dirisha, akakaa akisikiliza kama kuna wanaokuja. Kabati la zile shaba zake alilifunga, na ikawa kila akisikia hodi anauliza, "Ni nani, na wako wangapi?"

Reem akaja kuolewa Sur, na watu wema, alhamdulillahi. Lakini baba yake hofu haikumtoka, ila ilibadilika sura. Alipougua figo mwaka jana, na kuanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, hakuogopa sindano wala mashine. Aliogopa kitu kimoja. "Mama Ghassan," akisema, "nikifa nani ataniosha? Nani atathubutu kunigusa?" Mkewe akimjibu, "Ghassan ataosha." "Ghassan peke yake? Maiti haioshwi na mtu mmoja." Akimuuliza asubuhi, akimuuliza na mchana. Hakuna siku aliyokubali jibu.

Alifariki hospitalini, hapa Ibra, Jumatano tarehe 6 Novemba 2024, kabla ya adhuhuri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Kuoshwa kulikuwa alasiri. Ghassan aliingia na muoshaji wa msikiti, mzee mwenye mgongo mbovu asiyeweza kunyanyua. Jamaa wa Sur walikuwa bado njiani. Wanaume walikuwapo nje, wengi tu, na hakuna haja ya kuwataja. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Marehemu alikuwa ameliona jambo hilo mwaka mzima kabla halijafika.

Ndipo Yaqoob alipotoka kwenye kundi. Alivua kofia, akakunja mikono ya kanzu. Alisimama mlangoni, hakuingia, mpaka Ghassan akamtazama.

"Ammi Yaqoob, wewe unaamini alikuwa mchawi."

"Sijui alikuwa nini," Yaqoob akasema. "Ninaogopa, mwanangu. Wallahi ninaogopa mpaka sasa hivi. Na yeye siku ile alikuwa anaogopa, nilimshika kifuani nikausikia moyo wake. Nipe hiyo ndoo."

Akaingia. Alimnyanyua marehemu kwa mabega, akamwegemeza kifuani kwake, na Ghassan akamwagia maji.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Mahfoudha, watoto wawili, Ghassan wa Ibra na Reem wa Sur, wajukuu watano, dada mmoja Tabora, na majirani. Ewe Mola, mja wako huyu aliishi akiogopa kila mlango uliobishwa. Mfungulie wako, na umpe amani asiyoizoea. Amin.