Shikamoo ya Nyoka

Efrazia hakukusudia kuwasikiliza abiria wawili, ila basi la Handeni kwenda Korogwe lilikuwa tulivu na wawili hao walikaa kiti cha mbele yake. Binti aliyejitaja kuwa Nemayian alikuwa akicheza gemu la nyoka kwenye simu ya kitochi.

"Simu kubwa imeharibika, mwanangu?" aliuliza mzee Mathias, aliyeketi kando yake.

"Ipo kwenye mkoba. Hii nimeinunua kwa ajili ya nyoka tu, mzee. Inanikumbusha enzi zile."

"Enzi zipi? Umezaliwa lini?"

"Elfu mbili na saba."

Mzee alivua kofia. "Basi huyo nyoka ni mkubwa wako. Umemwamkia?"

Efrazia alijifanya anakohoa. Nemayian alisema nyoka akigonga ukuta huzaliwa upya, kwa hiyo yeye nyoka ndiye mdogo, na shikamoo inatoka kwake.

"Hayo si maadili," alisema mzee. "Sisi tulimcheza kwa foleni, simu moja ya mwalimu, kijiji kizima. Lete hapa. Nikikushinda, utamwamkia basi zima likisikia."

"Na nikikushinda mimi?"

"Haiwezekani."

Nyoka wa mzee alikula mara nne akagonga ukuta. Mzee akajaribu tena na tena, mpaka stendi ya Korogwe. Basi liliposimama aliitazama rekodi ya binti, alama mia mbili na kumi, kisha akamrudishia simu kwa mikono miwili.

"Marahaba," alisema Nemayian, akashuka.